Matairi ya baiskeli kwa lami na changarawe: mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda Usambara

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni lami nyembamba inayopanda kwa kona baada ya kona, huku mlima na huku bonde, kwa kilomita 30 na ushei. Ukishapita Lushoto ukashika njia ya Magamba kuelekea Mtae, unakutana na udongo mwekundu ambao kiangazi ni mgumu na una vumbi, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Anayeshuka ukingo wa milima kuelekea nyanda za Mkomazi anapokelewa na mchanga, mawe yaliyolegea na miiba. Njia zinabadilika, matairi ni yale yale mawili. Swali la tairi basi lijibiwe nyumbani, wiki kadhaa kabla, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha na kujaribu.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: upana wa tairi uchague kwa kuangalia kipande kibaya kuliko vyote, meno yake uchague kwa kuangalia kipande kirefu kuliko vyote. Wengi hufanya kinyume chake. Wanatishwa na kilomita chache za vumbi, wananunua tairi la meno makubwa, kisha wanalisukuma juu ya lami kutwa nzima likiunguruma. Wengine wanaogopa kuachwa nyuma kwenye lami, wanaweka tairi jembamba lililojazwa upepo hadi linalia ukiligonga, na changarawe ya kwanza inawamaliza mikono na mgongo.

Kabla hujaingia dukani, muulize fundi au ipime mwenyewe fremu yako. Baiskeli nyingi tunazoendesha ni za mitumba kutoka Ulaya na Japani, na kila moja ina mipaka yake. Baiskeli ya mashindano ya zamani, yenye usukani uliopinda na breki za koleo, mara nyingi haipokei zaidi ya milimita 28, na hata hiyo kwa kubana. Baiskeli ya mjini yenye breki za pembeni huweza kubeba 38 au 40 bila shida. Kupima ni rahisi: chukua alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5, ipitishe kati ya tairi na fremu pande zote, juu na chini, mbele na nyuma, huku ukizungusha gurudumu taratibu. Ikipita bila kukwaruza popote, una nafasi ya kutosha kwa kiangazi. Kama utapita kwenye tope la masika, kuanzia Machi hadi Mei, taka nafasi kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unajijenga juu ya tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na kokoto zilizonasa humo zinakwangua rangi ya fremu hadi chuma kinaonekana.

Ukumbuke pia kwamba upana ulioandikwa ubavuni si ahadi. Tairi la 40 likivalishwa rimu pana linaweza kufika 42, na kwenye rimu nyembamba linaweza kubaki 38. Pima baada ya kulijaza upepo na kuliacha usiku kucha, maana tairi jipya hutanuka kidogo.

Sasa namba. Hapa ndipo fedha za watu zinapotea. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mengi, lakini yanayotegemewa ni yale yenye kistari, mfano 40-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha sehemu ya rimu ambapo tairi linakaa. Hiyo ya pili lazima ifanane na ya rimu yako, bila mjadala. Baiskeli za mashindano na za changarawe, zile zinazoitwa 700C, ni 622, na zile za milimani za inchi 29 ni 622 vilevile. Za milimani za zamani za inchi 26 ni 559. Baiskeli kubwa za mizigo zenye breki za vyuma, ambazo Kenya wanaziita Black Mamba, kwa kawaida hutumia tairi la inchi 28 x 1½, ambalo ni 635. Muuzaji anaweza kukupa tairi lililoandikwa 28 kwa nia njema kabisa, na bado likakataa, kwa kuwa tairi la inchi 28 linaweza kuwa 622 au 635. Tofauti ya milimita 13 hailazimishwi kwa nguvu za mikono. Andika namba ya rimu yako kwenye simu kabla ya kwenda sokoni.

Niseme neno kwa wenye baiskeli za inchi 26, maana mara nyingi wanaambiwa wanunue baiskeli nyingine. Hamna haja. Toeni yale matairi ya meno marefu, wekeni tairi laini lenye upana wa inchi 1.75 au 2, na baiskeli hiyo itapanda Lushoto na kushuka Mkomazi kwa raha kuliko baiskeli nyingi za bei kubwa.

Tuje kwenye jambo lenyewe, kasi na starehe. Watu wamezoea kudhani ni lazima uchague kimoja. Tairi linapogusa ardhi linabonyea, kisha linarudi. Mpira na nyuzi zilizomo ndani yake hazirudishi nguvu yote iliyotumika kulibonyeza, sehemu yake inapotea kuwa joto. Ndiyo hasara ya kwanza, na kwenye sakafu laini kabisa, kadiri unavyojaza upepo ndivyo inavyopungua. Lakini barabara si sakafu. Kwenye changarawe, na hata kwenye lami iliyochakaa, tairi gumu halimezi kokoto: linairuka. Baiskeli na mwili wako vinanyanyuliwa kidogo, vinashuka, vinanyanyuliwa tena, na nguvu iliyokuwa ikusukume mbele inaishia kutikisa nyama na viungo vyako. Ndiyo hasara ya pili, na ikishaanza inakua haraka mno. Kwa hiyo kila njia ina kiwango chake cha upepo, na ukikizidi, kila pampu unayoongeza inakupunguzia mwendo, ingawa mtetemo unakudanganya kwamba unakimbia.

Hilo limebadilisha hata mashindano. Wakimbizaji wa barabara za lami Ulaya waliokuwa wakitumia milimita 23 wamehamia 28 na zaidi. Kwenye mbio za Unbound kule Kansas, Marekani, ambako njia imejaa mawe makali, wengi sasa wanaweka matairi mapana ya baiskeli za milimani. Kwa hapa kwetu, tangu mbio za baiskeli za Migration Gravel Race zilipoanza Maasai Mara, Kenya, mwaka 2021, hakuna tena haja ya kubishana kama baiskeli yenye usukani wa kupinda inaweza kwenda kwa kasi juu ya vumbi la Afrika Mashariki.

Kwa njia ya Usambara niliyoieleza, kama fremu inaruhusu, mimi ningeweka 40 hadi 45. Chini ya 35 utapita, ila mchanga wa chini utakushusha baiskeli mara nyingi. Zaidi ya 50 ni starehe tupu kwa mwenye mizigo mingi, na kwenye lami hutapoteza sana kama tairi lenyewe ni laini.

Ulaini ninaousema ni wa mwili wa tairi. Likunje kwa mkono kabla ya kununua. Tairi la nyuzi nyembamba na nyingi linakunjika kama kitambaa na hufuata umbo la ardhi, la nyuzi nene na chache linagoma, na ugumu huo utausikia kwenye kila kilomita. Hata hivyo ubavu mwembamba sana hupasuliwa na mawe. Tafuta la katikati: ubavu unaokunjika bila kuwa karatasi, na ukanda wa kinga chini ya mpira wa kukanyagia tu. Matairi yaliyokingwa kila upande hayapati pancha kirahisi, ila ni mazito na yamekufa ganzi.

Kuhusu meno sina maneno mengi. Lami haitaki meno, hata ikiwa na maji. Tairi la baiskeli ni jembamba na mwendo wake ni mdogo mno kuelea juu ya maji namna gari linavyofanya. Changarawe iliyoshindiliwa nayo haiyataki. Yanasaidia kwenye kokoto zilizolegea, hasa unapokata kona au kushika breki, kwa hiyo tairi lenye katikati laini na meno madogo pembezoni linatosha safari yote. Na udongo mwekundu uliolowa? Hakuna meno yatakayokuokoa humo. Subiri jua, au shuka utembee.

Miiba inahitaji mazungumzo marefu zaidi. Nyanda za chini zina migunga, na pembezoni mwa njia kuna mbigiri, kale kamtambaa kenye maua ya njano ambako mbegu zake zina pembe ngumu, na namna yoyote zitakavyoanguka pembe moja inatazama juu. Mbigiri moja haitoboi mara moja tu. Ukilaza baiskeli nje ya njia unaweza kuinuka na tundu nane. Kwa mazingira hayo tairi lisilotumia tyubu, lenye dawa ya pancha ndani, ni nafuu kubwa, kwani dawa inaziba tundu la mwiba kabla hujajua, na unaweza kupunguza upepo bila hofu ya tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu. Tairi na rimu vyote viwe vimeandikwa kwamba vinakubali mfumo huo. Kama rimu yako ni ile isiyo na ndoano ya kushikilia tairi, usizidishe PSI 72 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), na hakikisha mtengenezaji ameruhusu tairi unalonunua. Tairi la milimita 40 linataka dawa mililita 60 hadi 90. Dawa hukauka, na joto letu linaiharakisha, hivyo fungua uangalie kabla ya safari. Ukitikisa gurudumu karibu na sikio husikii kitu, ongeza.

Lakini fikiria nani atakusaidia ukikwama. Mafundi wa vijijini ni hodari wa tyubu, kiraka na gundi, na wanaweza hata kushona tairi lililopasuka kwa sindano na uzi. Tairi lisilo na tyubu likishatoka kwenye rimu linataka upepo mwingi kwa ghafla ili likae tena, na pampu ya mkono mara nyingi haiwezi. Kwa hiyo hata mwenye dawa abebe tyubu mbili. Ziwe za mpira wa kawaida. Zile nyepesi za plastiki zinazoonekana kama nailoni ni nzuri kwa kasi, ila gundi ya kawaida ya fundi haizishiki. Kabla ya kuweka tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi ukitafuta miiba iliyobaki, la sivyo tyubu mpya itakufa papo hapo.

Vali nayo ni ya kuangalia. Baiskeli nyingi za mashindano na za changarawe zina vali nyembamba, wakati kompresa za vituo vya mafuta na za mafundi wa bodaboda zinashika vali nene ya gari. Kuna adapta ndogo ya shaba inayounganisha viwili hivyo, bei yake ni ndogo na inakaa kwenye mfuko wa funguo.

Upepo wenyewe uanze hivi. Kwa mtu wa kilo 70 na mzigo mdogo, tairi la 40 lisilo na tyubu, jaribu PSI 38 nyuma na 35 mbele. Nyuma kuna uzito mkubwa zaidi, ndiyo sababu ya tofauti. Mwenye tyubu aongeze 4 au 5 ili isibanwe. Kwa upana wa 45 punguza hadi karibu 32 na 30. Uzito wako ukiwa pungufu kwa moja ya kumi, upepo nao upunguze kwa karibu kiasi hicho, na mwenye mizigo mizito aongeze vivyo hivyo. Kisha tafuta kipande cha changarawe karibu na kwako, kipite mara kadhaa, ukitoa PSI 2 kila unaporudi. Utafika mahali usukani unatulia na mikono inapumzika. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, au ukihisi tairi linayumba kwenye kona ya lami, umepita kiasi, rudisha 3. Andika namba hizo. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha 30 na 40, kwa hiyo tafuta kipimo cha upepo, hata cha kuazima. Na pima asubuhi kwenye kivuli, kwa sababu nyuzi joto 10 za ziada huongeza karibu PSI 2.

Mwisho, yakague matairi yenyewe ukiwa na mwanga mzuri. Kama baiskeli ni ya mtumba, bonyeza ubavu: nyufa ndogo zikifunguka, tairi hilo limezeeka hata kama meno yake bado mapya. Mshale wa mwelekeo ubavuni, ukiwa juu ya gurudumu, utazame mbele. Lililo bora liwe gurudumu la mbele, kwani la nyuma likiteleza unaweza kulituliza, la mbele likiteleza umeanguka. Kwenye mfuko weka kipande cha mrija wa dawa ya meno kilichooshwa, cha kuweka ndani ya tairi likichanika. Matairi mapya yaendeshe kilomita 50 hivi karibu na nyumbani kwanza, na kama umeweka dawa, zungusha magurudumu na uyalaze upande huu na upande ule usiku mmoja kabla ya kupanda basi la Mombo.