Pima afya ya mto wako kwa beseni, wavu na wadudu

Wadau wa Morogoro, na popote mto unapokatiza mji, hii inawahusu. Mto Morogoro unashuka Uluguru unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndo yanasafishwa yanaenda Dar, kwahiyo tunachotupa huku kuna mtu anakutana nacho mbele.

Kuna njia inaitwa miniSASS, imetoka Afrika Kusini, haitaki maabara. Unausoma mto kwa wadudu wanaoishi chini ya mawe. Maji ukiyachota leo yanakuambia ya leo, ila mdudu kakaa humo wiki na miezi, kama mtu alimwaga uchafu usiku ukafika asubuhi maji yameshatakata, wadudu ndo watakuwa wamepungua.

Tafuta beseni jeupe, gambuti, glavu, daftari, na wavu wa kushona mwenyewe kwenye fremu ya waya. Tumia neti ya dirishani jamani, sio chandarua chenye dawa, kitaua haohao unaowatafuta.

Chagua sehemu mbili, moja juu kabla ya makazi, nyingine chini ukishapita soko na magereji, na kila ukirudi pima palepale. Mvua kubwa ikinyesha subiri mto utulie kwanza.

Ukiingia, tega wavu upande maji yanakoelekea, halafu vuruga mawe kwa mguu na mengine yasugue kwa mkono, kama dakika tano hivi huku unahamahama. Mwaga kwenye beseni lenye maji kidogo, tulia. Mwanzoni utaona takataka tu, baadae majani yanaanza kutembea.

Makundi yako 13 na kila moja lina alama zake. Mdudu wa mikia miwili asiyevumilia uchafu (Kiingereza stonefly) ana 17, anayejijengea kanyumba ka mchanga na vijiti (caddisfly) 9, buu la kerengende 6, konokono 4, ruba 2, minyoo 2, mabuu ya nzi 2. Unahesabu makundi, sio idadi, ruba hamsini bado ni 2. Jumlisha, gawa kwa makundi uliyopata. Konokono, ruba, minyoo na mabuu ya nzi ni 10 gawa kwa 4, yani 2.5, mto huo unaumwa kweli.

Njia hii ni ya maji yanayotembea, sio bwawa, na haisemi kama maji yanafaa kunywa, hayo chemsha. Sehemu zilizotulia zina kichocho, watoto wasiingie, wabaki na beseni, na kwa macho yao wanawaona wadudu haraka kuliko sisi. Waulize mvua ya bati la kwao inaishia wapi, kisha mfuate mtaro pamoja mpaka mtoni. Waoneshe na mita 60 za kando ya mto ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda.

Mkishakuwa na vipimo vya miezi kadhaa, vyenye tarehe na picha, vipelekeni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ofisi iko hapahapa Moro.