Unataka kuanzisha darasa la afya ya uzazi kwa vijana shehiani? Anza hivi

Wenetu mnaouliza mfadhili anapatikanaje, mie nasema mfadhili aje mwisho. Kwanza nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani (eneo lake ndo shehia), na usiende na proposali, nenda na bibi mmoja anaeheshimika mtaani mkae barazani muongee. Sie hapa Pemba mara ya kwanza tuliruka hapo, shirika moja likatuletea fulana na bango kubwa la mchoro wa mwili, mama mmoja akaliangalia weee akasema "kumbe haya ndo mnayowafundisha watoto wetu", akamshika mwanawe mkono akaondoka na wenzake nyuma. Darasa likafa siku ile ile.

Wa pili ni ustadhi wa chuoni, yaani madrasa. Watu wanamuogopa bure wakati yeye hedhi na kubaleghe na josho la kujitoharisha anasomesha miaka yote, kwahiyo maneno yapo tayari, huna haja ya kuongea kama unasoma ripoti. Anzia alipoishia yeye, halafu nesi wa kituo cha afya aendelee na mzunguko, mimba, maradhi ya zinaa.

Wasichana mbali, wavulana mbali, na weka kisanduku cha maswali, hata boksi la viatu, wasiandike majina. Hapa ndo penye utamu. Siku moja tulikuta kikaratasi kimekunjwa kidogo kama hirizi: "nina miaka 11 nishatoka damu, ndo nifunge Ramadhani yote?" Ustadhi akasema funga ishakuwa wajibu ila siku za hedhi hufungi, utazilipa baadae. Nesi akasema miaka 11 ni kawaida, huumwi kitu. Ukumbi mzima ukashusha pumzi, nahisi hata wakubwa.

Likija swali la udhalilishaji wa kijinsia usilijibu mbele za watu, mpeleke mtoto kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kinachohudumia waliodhalilishwa, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na msithubutu kuita wazee kusuluhisha kifamilia.

Sasa pesa. Mashirika kama UNFPA, la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu na afya ya uzazi, kwa kawaida hupitia serikalini na jumuiya kubwa, kwahiyo kikundi kidogo jishikizeni kwa jumuiya iliyosajiliwa. Kwenye proposali tajeni mkutano wa Cairo wa 1994 wa idadi ya watu na maendeleo, nchi 179 zilikubaliana vijana nao wapate elimu na huduma za uzazi, wafadhili wanaijua hiyo. Bajeti andikeni vitu vya kweli: nauli ya nesi, pedi, karatasi, chai na mandazi. Muuza mandazi hana risiti, kwahiyo ulizeni mapema kama daftari lenye saini yake linakubalika, sie tulikuja kuuliza baadae tukalipa mfukoni.

Na msiajiri watu kwa pesa za mfadhili, maana zinaweza kukatika: USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwepo tangu 1961 na 2025 ikafungwa. Boksi la viatu halihitaji mfadhili.