Kabla hujaacha vidonge vya wasiwasi ulivyovizoea

Anza kwa kujua unameza nini. Wengi husema "vidonge vya usingizi" na kuishia hapo, huku bahasha ya duka la dawa imeandikwa 1x1 usiku tu. Omba jina la dawa na miligramu zake. Diazepamu, alprazolamu, lorazepamu na klonazepamu ni ukoo mmoja, benzodiazepini, na ndizo ninazozungumzia hapa. Sertralini na fluoksetini, dawa za sonona na wasiwasi, ni ukoo mwingine. Nazo haziachwi kienyeji, ila mpango wake ni tofauti. Na kama uliandikiwa klonazepamu kwa ajili ya kifafa, usipunguze hata nusu kidonge kabla ya kuonana na anayekutibu.

Ubongo uliotulizwa na benzodiazepini kwa miezi au miaka hujirekebisha ili uende sambamba nayo. Ukiikata ghafla, unabaki umewaka: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea, na wakati mwingine degedege, ambalo huweza kuua hata mtu mzima. Alprazolamu hutoka mwilini upesi, kwa hiyo taabu yaweza kuanza ndani ya siku moja. Diazepamu hutoka polepole. Ndiyo maana unamsikia mtu siku ya pili akijisifu kwamba ameshaacha na yuko salama. Mwulize tena wiki ijayo.

Halafu jiulize ulianza kwa sababu gani. Msiba? Mgongo? (Diazepamu huandikwa pia kwa misuli iliyokaza.) Kama sababu ilikwisha zamani na dawa imebaki kwa mazoea, una hoja nzuri ya kupunguza. Vivyo hivyo ukiwa mzee unayepepesuka usiku kwenda msalani, au unameza pamoja na tramadoli, dawa ya maumivu, maana mbili hizo huweza kuzima pumzi. Lakini kama hofu bado inakukaba kila wiki, tafuta kwanza ushauri nasaha au tiba nyingine ishike, ndipo uiguse hii. Kuamua "si sasa" nako ni uamuzi, na kwangu mimi hauna aibu yoyote.

Hesabu ndiyo inayowashinda wengi. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4. Tuseme unameza diazepamu miligramu 10 kwa siku, yaani vidonge viwili vya 5. Asilimia 10 ni miligramu 1, na kidonge cha 5 hakikatiki vipande vitano kwa kisu cha jikoni. Utahitaji vya miligramu 2: kimoja cha 5 na viwili vya 2 vinakupa 9. Hatua inayofuata, vinne vya 2 vinakupa 8. Kwa hiyo uliza mapema kama vya 2 vinapatikana, na uwe na akiba ya hatua nzima mkononi. Duka likiishiwa katikati, umeachishwa ghafla bila kupenda.

Chagua wakati. Mitihani, uzazi, kuhama nyumba, hapana. Ramadhani kwa anayemeza mara tatu kwa siku inataka mazungumzo na daktari kabla ya mwezi kuandama. Pombe isiwe mbadala. Inagusa palepale kwenye ubongo, na kuiacha ghafla kuna hatari zilezile.

Kabla ya punguzo la kwanza, andika kwa wiki moja ulivyo: unalala saa ngapi, hofu inakuja lini. Baadaye mwanga ukikuumiza macho au masikio yakivuma, vitu ambavyo hukuwa navyo, utajua ni mwili unaodai dawa, si ugonjwa uliorudi.

Nyumbani mtu mmoja ajue, si ukoo mzima. Degedege likitokea akulaze ubavu, asikutie kijiko mdomoni, akukimbize hospitali.

Hatua ikikulemea, mweleze daktari. Mara nyingi atakuambia ubaki palepale wiki kadhaa zaidi. Na ukimaliza, vidonge vilivyobaki virudishe kwenye famasia. Mwili ukishaisahau dawa, dozi yako ya zamani inakuwa kubwa mno kwako, sembuse kwa mtoto atakayeikuta kabatini.