Somo: Kusoma afya ya injini kwenye oili yake, kwa wenye malori, jenereta na boti huku Kusini

Injini ya kwanza niliyoifungua kwa sababu ya karatasi ya maabara ilikuwa nzima. Ilikuwa Fuso ya kubeba korosho, na karatasi ilionyesha chuma kingi mno. Nikashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pale Mtwara mjini, nikatoa beringi za krenki moja moja, zote zinang'aa kama jana. Kosa lilikuwa langu. Sampuli ya kupeleka maabara niliikinga kwenye oili ya mwisho, ile inayodondoka na tope la chini ya sampu, tena ndani ya chupa ya maji niliyoiokota. Tajiri wa gari alikaa wiki nzima hajibu salamu yangu.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kukinga. Kusoma karatasi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa ufupi, vyuma vikisuguana huacha vumbi laini lisiloonekana kwa macho, na oili hulibeba. Maabara huchoma oili kidogo na kusoma mwanga unaotoka, maana kila metali ina mwanga wake. Jibu huja kwa ppm, yaani sehemu katika milioni: ppm 1 ni sawa na gramu moja ndani ya tani nzima ya oili. Reli za Marekani zilikuwa zikifanya hivi kwa injini za treni za dizeli tangu miaka ya 1940.

Hatua ya 1: Chupa. Iwe mpya, kavu, ya mililita 100 hivi, na kifuniko kinachobana. Maabara nyingi hutoa zao. Usioshe chupa ya soda ukadhani imekauka. Tone moja la maji litakuletea jibu kwamba silinda hedi imepasuka.

Hatua ya 2: Kukinga. Gari litoke safarini, au jenereta ifanye kazi nusu saa, ili oili iwe ya moto na uchafu uwe umechanganyika sawasawa. Injini iliyolala usiku kucha imeshatuama. Ukikinga hapo unapima mashapo. Futa nati ya sampu na pembeni yake kwa kitambaa safisafi, kwa sababu vumbi jekundu la uwanda wa Makonde likiingia kwenye chupa litasomeka kama limetoka ndani ya injini. Fungua, acha oili imwagike kwanza, kisha kinga katikati ya mmwagiko. Ya mwanzo hapana, ya mwisho hapana. Vaa glavu, oili ya moto haina urafiki. Kama humwagi oili siku hiyo, tumia pampu ndogo ya mkono yenye mpira mpya unaopita kwenye tundu la kijiti cha kupimia, na mpira usiguse chini ya sampu. Usichukue kutoka kwenye filta iliyofunguliwa.

Kila mara kinga kwa njia ileile. Leo nati, kesho pampu, basi huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: Maelezo. Andika namba ya gari, kilomita za injini, kilomita za oili hiyo, aina ya oili, na lita ulizoongeza katikati. Hili la kuongeza ndilo watu hulificha. Injini ya lita 12 ukiiongezea lita 4 mpya, uchafu umezimuliwa na karatasi itakusifia bure. Mara ya kwanza peleka pia chupa ya oili mpya ambayo haijaingia kwenye injini. Utaona baadaye inavyosaidia. Maabara iko mbali, kwa hiyo muulize anayekuuzia oili au wakala wa mitambo mikubwa kama anapokea chupa, na uipeleke upesi.

Hatua ya 4: Karatasi ikirudi. Chuma hutoka kwenye slivu (ukuta wa silinda), krenki na kamshafti. Kromiamu ni ringi. Alumini ni pistoni. Risasi na bati ni beringi. Shaba ni bushi, beringi au kipoza oili. Silikoni ni mchanga na vumbi. Sodiamu na potasiamu ni maji ya rejeta yenye dawa. Uzito wa oili, yaani unene wake inapotiririka, ukishuka, shuku dizeli inayovuja kwenye nozeli. Ukipanda, masizi yamejaa au oili imepikika.

Usiziangalie namba peke yake, zigawanye kwa safari. Chuma 40 kwa kilomita 5,000 ni 8 kwa kila kilomita elfu. Chuma 60 kwa kilomita 10,000 ni 6. Ya pili ndiyo injini yenye afya, ingawa namba yake kubwa. Na karatasi moja ni picha moja tu. Zikifika tatu ndipo unaona injini inaelekea wapi.

Hatua ya 5: Pasua filta. Mashine ya maabara huona chembe ndogo sana. Vipande vikubwa huipita. Kata filta, kunjua karatasi yake, pitisha sumaku. Vipande vinavyong'aa visivyonata kwenye sumaku vyaweza kuwa alumini au beringi. Hapo usingoje jibu la maabara, usiwashe injini tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye tipa, Tandahimba: Mkuu, karatasi zangu tatu: silikoni 8, 9, 31. Chuma 22, 25, 64. Fundi wangu anataka ovahoo, afungue injini yote.
Jibu: Mwambie ashushe spana kwanza. Kilomita za oili zilikuwa sawa zote tatu? Kama ndiyo, injini yako inavuta vumbi, na vumbi linakula ringi na slivu. Fuata njia ya hewa kutoka eya klina hadi turbo: mpira uliochanika, klipu, eya klina iliyopigwa upepo hadi ikatoboka. Ila kama majuzi ulifunga gasketi kwa gundi ya silikoni, hiyo nayo husomeka, lakini haipandishi chuma.

Mwenye boti, Kilwa Kivinje: Shikamoo fundi. Sodiamu imepanda. Ni bahari au maji ya rejeta?
Jibu: Marahaba. Potasiamu ikipanda pamoja nayo, elekea kwenye maji ya dawa. Chumvi ya bahari huja na magnesiamu, lakini oili nyingi zina magnesiamu kiwandani, ndiyo maana nikadai chupa ya oili mpya. Wakati unasubiri, dondosha tone la oili kwenye bati la moto, uso ukiwa mbali: ikichachatika, kuna maji.

Dereva, Masasi: Oili yangu inakuwa nyeusi siku ya pili. Imekufa?
Jibu: Hapana. Kwenye dizeli weusi ni masizi, na oili kuyabeba ndiyo kazi yake. Weusi peke yake haukuambii kitu.

Mama mwenye jenereta, Nachingwea: Jenereta ni mpya, shaba iko juu, risasi na bati hazijapanda. Nirudishe dukani?
Jibu: Usirudishe bado, mama. Kipoza oili kipya huachia shaba mwanzoni, kisha hupungua. Ingepanda na risasi pamoja na bati ningekwambia vingine.

Kijana wa bodaboda, Mikindani: Na sisi je?
Jibu: Mdogo wangu, kipimo kitakula pesa kuliko hiyo oili yako ya lita moja. Badilisha kwa wakati.

Msimamizi wa ghala, Newala: Tunabeba salfa ya mikorosho. Itaonekana kwenye oili?
Jibu: Salfa imo tayari kwenye viungo vya oili yenyewe, kwa hiyo namba yake haitakusaidia. Kagua eya klina kila baada ya mzigo.

Mwenye tipa, Tandahimba: Nimerudi. Mpira wa turbo ulikuwa na ufa kwa chini, kidole kinaingia.
Jibu: Weka mpya na klipu mpya, safisha bomba lote, badilisha oili na filta. Kisha kinga chupa nyingine baada ya kilomita 2,000, kabla minada ya korosho ya Oktoba haijaanza.