Kadi ya "leo imebadilika" kwa mtoto mwenye usonji

Wazazi wenzangu wenye watoto wenye usonji, hasa tulio Mtwara ambako upepo tu unaweza kuharibu safari ya kuvuka bahari kwenda Msangamkuu: tengenezeni kadi ya mabadiliko, ya kumwonyesha mtoto kwamba mpango wa leo umebadilika. Kipande cha boksi na alama moja ya rangi kali, basi. Kama ukutani mna ratiba ya picha (uji, shule, kuoga), bandika kadi hiyo juu ya picha ya kilichoahirishwa, na pembeni weka picha ya kitakachofanyika badala yake.

Ila anzeni na mabadiliko matamu: leo si uji, ni maandazi. Mkiitoa siku za habari mbaya pekee, ataichukia kadi yenyewe, na hapo mmeipoteza.

Maneno yawe machache: "Leo hatuvuki. Kwanza nyumbani, halafu bembea." Usiseme "kesho" kama huna hakika, atakuamsha alfajiri kudai kesho yake! Akishaanza kulia au kuziba masikio, acha kueleza. Msogeze mahali pasipo na kelele, kaa naye mpaka atulie. Bibi na dada wa nyumbani nao waonyesheni kadi hiyo, maana mabadiliko mengi hutokea wakiwa nao.