Waipa za vakyumu kwenye Ford Anglia: anza na mpira, mota iache kwanza

Mwenye Ford Anglia 100E, zile zilizoanza kutoka 1953, anaujua mchezo wake. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, waipa zinakimbia kama zimetumwa. Kanyaga mafuta upande mlima, zinakwama katikati ya kioo. Gari langu hunifanyia hivyo nikipandisha kutoka Mai Mahiu, na lori la mbele linanimwagia tope. Mafundi wengi pale Kirinyaga Road, Nairobi, watakwambia ung'oe uweke mota ya umeme. Kweli, Ford wenyewe walihamia umeme kwenye 105E ya 1959. Lakini dainamo ya 100E usiku wa mvua, taa zikiwaka, ina mzigo wa kutosha, na hiyo mota unayotaka kuitupa huenda haina kosa.

Mota hii ya vakyumu huendeshwa na mvuto wa hewa, na nguvu yake inatoka kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa na mafuta kwenye injini. Kabureta ikiwa imefungwa, pistoni zinavuta hewa isiyopatikana, na mvuto huo unapita kwenye mpira mwembamba hadi kwa mota, ambamo kibao kinasukumwa kushoto na kulia. Ukikanyaga hadi mwisho, hewa inajaa na mvuto unaisha. Hilo huwezi kulifuta kabisa. Kazi yako ni kuzuia mvuto mdogo uliopo usipotelee njiani.

Washa injini, zima waipa, kisha ubane mpira kwa plaizi karibu na manifoldi. Sauti ya injini ikibadilika, kuna mahali hewa inaingia. Mara nyingi ni mpira wenyewe, umekauka na kupasuka kwenye ncha, pale unapovalishwa. Badilisha wote, usikate kipande. Nunua mpira mnene wa petroli. Ule mwembamba wa maji ya kuoshea kioo ukipata joto la injini unajikunja na kuziba. Kama una geji ya kupima mvuto, kwenye injini isiyo na kasoro, pwani, husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, toa kama inchi 5, kwa sababu kila futi 1,000 za kupanda hula karibu inchi 1. Ukisoma 14 hapa, usikimbilie kufungua injini.

Sasa njoo kwenye kile ambacho watu hukiruka: ekseli ndogo zinazoshika mikono ya waipa. Chomoa vyuma vinavyoziunganisha na mota, uzungushe kila moja kwa vidole. Ikigoma, ni kutu na grisi iliyogeuka gundi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, uiyumbishe, ufute uchafu mweusi unaotoka, urudie hadi iteleze yenyewe. Hapa ndipo langu lilipopata nafuu kubwa kuliko popote, na sikutumia hata spea moja. Mota yenyewe, kama kibao chake kina ukingo wa ngozi, itilie matone machache ya mafuta ya kulainisha ngozi. Oili ya injini na petroli ziweke mbali, zinaharibu raba.

Kioo kisugue kwa sabuni kitoke ule utando wa moshi wa dizeli, uweke raba mpya za waipa. Usizijaribu kwenye kioo kikavu.

Mlima bado unakushinda? Ongeza tangi la akiba ya mvuto. Tafuta mtungi wa chuma wa lita 2 au 3 (chupa ya soda itafyonzwa ikunjane kama karatasi), uuunge kati ya manifoldi na mota. Upande wa manifoldi weka valvu ya njia moja. Ile ya kwenye mpira wa busta ya breki ya Toyota kuukuu inafaa, ila mdomo wake ni mpana, utahitaji kiunganishi cha kupunguza. Ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: hewa itoke tangini kwenda kwenye injini, isirudi. Ukiigeuza, tangi halitajaa kamwe.

Tangi hilo litakupa mizunguko kadhaa tu, basi. Kwenye mlima mrefu, inua mguu kidogo kabla ya kila kona, waipa zifute, ndipo ukanyage tena. Wa nyuma yako akipiga honi, mwache apite.