Distribyuta ya Corolla 5A-FE: fungua kwanza, ndipo ununue

Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE ikianza kumisi (kukosa moto kwenye baadhi ya silinda) asubuhi zenye unyevu, au baada ya injini kuoshwa kwa presha, kisha ikatulia ikishapata moto, utaambiwa distribyuta, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni kifuniko na rota (kipande kinachozunguka chini yake) tu, au oringi (pete ya mpira) moja ya bei ndogo.

Zima injini, iache ipoe, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Distribyuta iko mwisho wa silinda hedi, upande wa gia boksi. Bandika tepu yenye namba kwenye kila waya wa plagi: silinda namba 1 ndiyo iliyo upande wa mkanda wa taimingi, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Waya uchomoe kwa kushika mpira wake wa mwisho. Ukiuvuta katikati, uzi wa ndani hukatika na kwa nje huoni kitu.

Fungua skrubu za kifuniko, kigeuze juani, ukikague pole pole. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele kutoka jino moja la metali ndani ya kifuniko hadi jingine, cheche imeshajichongea njia. Mstari huo haufutiki kwa petroli wala kwa kitambaa, tupa kifuniko. Unga mweupe kwenye meno ukwangue taratibu kwa ncha ya kisu. Msasa uweke mbali: ukila meno, nafasi ambayo cheche inapaswa kuruka inaongezeka, na koili inayozalisha umeme wa cheche inaumia. Kidonge cha kaboni cha katikati ukikibonyeza lazima kirudi chenyewe. Rota iliyoungua ncha haitengenezwi, inabadilishwa, tena pamoja na kifuniko. Nyaya nazo zipime kwa multimita; ukizidi kiloomu 25 waya mmoja, haufai. Ukifunga kifuniko kipya, hamisha waya mmoja mmoja kutoka kile cha zamani, hutachanganya kamwe.

Usizungushie kifuniko silikoni ukidhani unazuia maji. Cheche huzalisha ozoni, na ikikosa pa kutokea inakula metali za ndani.

Sasa oili. Ikiwa inachuruzika nje, chini ya distribyuta, na kulowesha gia boksi, hiyo ni oringi ya nje. Utaitoa na kuweka mpya kwa nusu saa. Ikiwa umeikuta ndani ya kifuniko, tatizo ni sili ya shafti, na kufuta oili kutakusaidia siku chache tu. Shika shafti uitikise kulia na kushoto: ikicheza, beringi imekwisha. Hapo pengo kati ya sensa na meno yanayozunguka na shafti halitulii, kompyuta inapata ishara mbovu, injini inakatakata hata plagi zikiwa mpya. Pengo hilo linatakiwa liwe milimita 0.2 hadi 0.4, lipime kwa fila (bamba jembamba la kupimia) ya shaba, maana ya chuma inavutwa na sumaku na kukudanganya. Distribyuta ya namna hii ndiyo ya kubadilisha nzima.

Kabla ya kuitoa, chora alama mbili kwa rangi au kalamu ya chuma: moja ikivuka kutoka kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye hedi, nyingine ikionyesha rota imeelekea wapi. Chomoa soketi ya umeme, fungua boliti mbili za namba 12, vuta huku unaitikisa kidogo. Injini usiizungushe tena mpaka umalize. (Kwenye Hilux yenye 22R kuna gia yenye meno ya mshazari, kwa hiyo rota hugeuka unapovuta, weka alama nyingine pale itakaposimama.)

Ukinunua used, nenda na ile ya zamani mkononi. Zipo zenye koili ndani na zenye koili nje, na kwa macho zinafanana. Hesabu pini za soketi, linganisha namba iliyobandikwa kwenye mwili.

Kurudisha: paka oringi mpya oili kidogo ya injini, elekeza rota kwenye alama uliyochora, ingiza kwa mkono huku alama ya mwili ikilingana na ya hedi. Isipozama, geuza rota kidogo. Ukiigonga kwa nyundo utavunja kiungo. Boliti zikaze nusu tu.

Alama zako zitaiwasha injini, ila taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, ipimwe kwa taa ya taimingi. Acha injini ipate moto, zima AC na taa za gari, kisha kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Taa ya injini itamemeta, ndivyo inavyotakiwa. Funga kishikio cha taa ya taimingi kwenye waya wa silinda namba 1, mulika puli ya krankishafti, zungusha distribyuta polepole mpaka alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kaza boliti, kisha mulika tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza. Ukitoa ule waya, digrii zitapanda na kuchezacheza. Usiziguse; hapo kompyuta imeshashika kazi.